Redio za Do-Re-Mi

Lusweti hakuwa na cheti, meza ya kazi wala Kiingereza cha kujivunia. Alikuwa na redio mbili za mawasiliano alizounda mwenyewe, zenye masafa saba, kila noti ya do-re-mi na yake.

"Nikinasa ujumbe wako, siweki sahihi," alisema jirani yake, sajini mstaafu, akiwasha redio yake mwenyewe. Bila sahihi hiyo, nani jeshini angesoma barua ya fundi wa Makadara kuhusu redio hizo?

Lusweti alipunga leso kuashiria kuanza, akasoma nambari kumi redioni, akiimba wimbo wa kanisani moyoni na kuhama masafa kwa kila noti. Ng'ambo ya uwanja, mkewe, mwanakwaya, aliimba wimbo uleule moyoni, akahama naye.

Jasho la sajini lilidondokea kitufe cha redio yake. "Nimepata mbili tu, bwana."

Mke wa Lusweti alileta zote kumi kwenye karatasi.

Sajini akaweka sahihi kwenye barua. "Ni wimbo gani?"

"Wanajeshi wakitaka kujua, waje Makadara." Lusweti akalamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza katika sanduku la posta.