Safari za Jumapili Alasiri

Ukitoka nchi ya mahindi yanayonong'ona unafika mtoni, na mto wenyewe unavukwa kwa kukanyaga migongo ya samaki. Usitazame chini. Wakhungu alitazama mara moja tu, akazinduka kambini amelowa jasho, hajafika popote.

Tangu hapo hakukosea. Kila Jumapili alasiri, vibarua wenzake walipokwenda kunywa, alijilaza juu ya magunia matupu na kusafiri usingizini. Alipita mahindi, akavuka mto, akakatiza mji usio na milango, ambako jua lilizurura barabarani kama ng'ombe aliyepotea. Mwisho wa njia kilikuwa kijiji cha wanaosubiri.

Hapo watu walisimama kimya nje ya nyua, kila mmoja na ua wake. Wakhungu aliwadhania vibarua wa mashamba mengine, waliokuja kuchungulia makwao kama yeye.

"Una haraka wewe," mwanamke mmoja mzee alimwambia. "Mimi ni mwaka wa tisa huu, na hakuna hata mmoja humo ndani aliyegeuza shingo."

"Wangu ananiona," Wakhungu akajibu, akapita.

Kweli alimwona. Mama yake alikuwa uani akipepeta wimbi, na ungo ukamtoka mikononi.

"Mwanangu! Nikufanyie nini?"

Angeweza kuomba chakula. Lakini kwa miaka sita kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, hakuna aliyemwita jina. Nyapara alisoma namba ya kipande chake, kile cheti kilichoning'inia shingoni ndani ya kibati. Mke wa mzungu alimwita boi. Barua hakujua kuandika, na ruhusa ya kwenda kwao Bungoma hakupewa hata siku moja.

"Sitaki kitu, Mama. Nataka jina langu tu. Nilisikie likiitwa hapa nyumbani."

Mama akainamisha kichwa, akalia.

Alipoamka, Kibiwott, waliyelala naye chumba kimoja, alikuwa amerudi na pombe kichwani.

"Bwana, unalala kama gunia la mbolea! Leo umefika wapi?"

"Kwa mama."

"Si angekufungia hata kuku? Tunakufa na maharagwe hapa!"

"Ameniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka jina langu liitwe nyumbani."

Kibiwott akaacha kucheka. "Ulimwambia hivyo? Kwa mdomo wako?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

 Kibiwott alikunja mkeka wake, akahamia chumba cha watu wa kukamua maziwa.

Jumapili iliyofuata Wakhungu alikwenda tena, na iliyofuata pia, akaomba lile lile. Mara ya tatu mama yake alikuwa mlangoni, uso umetulia.

"Tumesikia," alisema. "Utapewa."

Wakhungu aliamka anacheka peke yake. Baada ya hapo njia ilifungika. Alilala, asione hata hindi moja. Hakujali. Mkataba ulikwisha mwezi wa nane, kipande kikatiwa sahihi, naye akashika barabara kwa miguu. Alilala Kamukuywa kwenye kibanda cha kanisa. Kesho yake, jua likiwa utosini, akaiona migomba ya kwao.

Kabla hajafika uani alisikia sauti ya mama yake, nyembamba, yenye furaha.

"Wakhungu! Wakhungu wangu, njoo!"

Mzigo ukamponyoka. Miaka sita! Akakimbia, machozi yakimtoka, akitweta.

"Nimekuja, Mama! Nimefika!"

Agneta, mke wa kaka yake, akapiga yowe na kukimbilia ndani. Mama hakukimbia. Alikuwa ameketi kwenye ngozi, na mbele yake mtoto wa miezi michache akijaribu kutambaa. Alimnyakua, akambana kifuani, akasimama polepole.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumbembeleza mgonjwa. Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mkono wake ukifunika macho ya mtoto. "Uliomba jina kama waliokufa wanavyoomba, na huyu alilia siku nne mfululizo, mpaka tulipomwita kwa jina lako. Mbuzi tumekuchinjia, nywele tumenyoa kukuomboleza. Sasa nenda, mwanangu. Nenda ukapumzike."