Saa Thelathini na Nne

Kwa mara ya nne wiki ile, mgonjwa aliuliza: kutoka Vancouver mpaka uwanja wa Nduli hapa Iringa, ndege inachukua saa ngapi?

Devota aliweka chini bakuli la uji, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. Majibu alikwisha kuyakariri. Ni kilomita elfu kumi na tano, alisema, na kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja, ni saa kumi na nane.

"Hizo za moja kwa moja sizitaki," mama yake alisema. "Nataka za kweli. Kubadilisha ndege, kusubiri, yote."

"Masaa thelathini na nne, mama."

"Dada yako hawezi kuwahi zaidi ya hapo?"

"Hawezi. Hata akiondoka sasa hivi."

Mama aliitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Devota alibeba bakuli lake na wivu wake, akaenda navyo jikoni.

Ulikuwa wivu kweli, na hakuona haja ya kujidanganya. Ni yeye aliyefunga kibanda chake cha vitenge Mwanjelwa, akatoka Mbeya kuja Iringa kumwogesha mama na kumgeuza kitandani, miezi tisa sasa. Lakini majirani wakipiga hodi, walimjulia hali Mama Rozalia. Padri naye alimwombea Mama Rozalia. Mzazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, ndivyo ilivyo, na Devota angebaki kuwa wa pili hata angejitahidi vipi.

Baba yao alipofariki ilikuwa vilevile. Devota ndiye aliyemuuguza, lakini mwili ulikaa mochwari siku tano ukimsubiri Rozalia. Dada mtu alifika na miwani yake myeusi, akapitishwa mbele kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, akatupa udongo wa kwanza kaburini. Devota alikuwa nyuma ya watu huko, akigawa maji ya kunywa. Ni mama tu aliyegeuka kumtafuta kwa macho.

Na leo huyohuyo mama alikuwa akimhesabia saa Rozalia.

Mama alifariki Jumanne alfajiri. Kufika saa nne asubuhi, kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa. Rozalia alishatuma ujumbe kwamba anatafuta tiketi, wamsubiri. Wazee walikubaliana bila ubishi. Mazishi yangekuwa Jumamosi. Devota aliinamisha kichwa. Moyoni alimwambia marehemu kwamba haya, mwanao anakuja, pumzika.

Ndipo Mjomba Tadeo, mdogo wake marehemu, alipotoa karatasi mfukoni. Dada yake alimkabidhi wiki iliyopita, alisema, akamwapisha aisome mbele ya kikao. Akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Rozalia anahitaji saa thelathini na nne kufika. Nizikeni kabla hazijaisha. Udongo wa kwanza autupe aliyeniuguza."

Chini yake marehemu alikuwa ameandika jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita: Mama Devota.