Zamu ya Jirani

Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, wajawazito wawili. Nesi Precious alimvua Gloria mrija, akamvika mwanamke wa kitanda cha dirishani, kisha akamgeukia mama Eufrasia.

"Mitungi inatoka Mwanza, iko njiani. Naitwa leba na niko peke yangu," alisema. "Nakuachia wote wawili, mama. Huyu akitulia, mrudishie mkamwana wako. Mkamwana akitulia, mpe jirani zamu yake. Usisahau."

"Nitasahauje, mwanangu?"

Daktari aliuita ugonjwa ule nimonia kali. Bariadi nzima, sokoni mpaka kanisani, ilijua kuwa ni korona, na kwamba ikimkuta mwenye mimba haina huruma. Kila mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja wa kumuuguza, na akishaingia hatoki. Eufrasia alijitolea mwenyewe. Masalu, mwanawe wa pekee, alibaki getini akituma uji. Kila asubuhi zilikuja chupa mbili. Nesi alimpa Gloria moja, ya pili akampelekea yule wa dirishani. Eufrasia alijua fika kwamba ya pili ni yake. Nesi huyu ni mkarimu kwa vya watu, alijisemea.

Maana jirani hakuwa na mtu. Usukumani mgonjwa haendi hospitali kama gunia lililodondoka kwenye lori. Atafuatwa na shangazi, na dada, hata na mtu waliyepakana naye shamba. Huyu aliletwa na bodaboda kutoka Nkoma, huko Itilima, tumbo limemfika kidevuni, akaachwa. Eufrasia alikwisha kumhukumu: mwanamke asiye na watu ana sababu ya kutokuwa nao.

Adabu alikuwa nayo, hilo asingemnyima. Siku Eufrasia alipoingia wodini, yule binti, pumzi zenyewe hana, alijaribu kushuka kitandani apige magoti. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma chini ya barakoa, machozi yakimlenga. Eufrasia alimrudisha kitandani, akamwambia mgonjwa hapigi magoti. Jina hakumwuliza.

Mvua ya mchana ilianza kupiga bati, na Gloria akaanza kuhema. Midomo yake ilipauka, mbavu zikaruka. Eufrasia aliinuka, akamvua jirani mrija, akamvika mkamwana wake. Hapo hakumdhulumu mtu. Zamu ilikuwa imefika.

Gloria alitulia, kisha akasinzia. Mama mkwe alimtazama na moyo ukamjaa. Miaka yote ya ndoa ile mimba zilikuwa zinaharibika, na ndugu wa kijijini Mwamapalala walishaanza kumnong'oneza Masalu atafute mke mwingine. Eufrasia, mwanamke wa jumuiya, rozari haimtoki shingoni, ndiye aliyewakatiza. Mwanangu amefunga ndoa kanisani, alisema mbele ya wote. Mke wa pili akikanyaga ua wangu, na anikute nimekwisha kuzikwa. Masalu aliinamisha kichwa, akaenda zake kununua pamba vijiji vya Itilima. Na sasa Mungu alikuwa amejibu, mjukuu yupo pale chini ya shuka, karibu kuzaliwa.

"Mayu," jirani aliita. Alinyoosha kidole kuelekea mrija. "Zamu... yangu."

Eufrasia aliushika ule mrija. Gloria ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Akivuliwa sasa ataamka anatapatapa, na nani anajua kama safari hii atarudi? Akauachia.

"Subiri kidogo, mwanangu. Nesi anakuja."

Nesi hakuja. Jirani aliita tena, sasa bila sauti, kwa macho tu. Eufrasia alivuta stuli, akalipa dirisha mgongo, akashika rozari. Aliogopa, na alijua vizuri anachofanya. Alisali Salamu Maria kwa nguvu ili asisikie kile kifua. Damu ni nzito kuliko maji, alijiambia, kila mtu na aangaliwe na wa kwao. Alisali hivyo mpaka nyuma yake kukawa kimya.

Nesi Precious aliporudi, jasho likimtiririka, alikwenda moja kwa moja dirishani. Alimgusa mgonjwa shingoni. Akaweka sikio tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Mwishowe akavuta khanga, akafunika uso.

"Ulimpa zamu yake?"

"Nilimpa," alisema Eufrasia. "Mungu tu amempenda zaidi."

Nesi aliichukua simu ya marehemu pembeni ya mto, akatoka nayo. Alisikika kwenye korido akimwita mume wa mtu, akimwambia apite tu, mlinzi asimzuie. Kumbe alikuwa na mume, Eufrasia aliwaza, na kitu kikamchoma. Alijifunga khanga vizuri, akajiandaa kutoa pole.

Mlango ulisukumwa kwa nguvu. Aliingia Masalu, shati limeloa mvua.

"Usiogope, baba," Eufrasia aliwahi kumdaka mkono. "Mkeo yuko salama, amelala. Mtoto anacheza. Nimemlinda mwenyewe."

Masalu alijichomoa, akapita kando ya kitanda cha Gloria bila kukitupia jicho. Alipiga magoti dirishani, akaweka viganja vyote viwili juu ya lile tumbo.

"Asubuhi alininong'oneza kwenye simu kwamba anaogopa kufa peke yake," alisema bila kugeuka. "Nikamwambia hauko peke yako, mke wangu. Mama yangu yuko humo ndani."