Kituo Bila Askari

Masengo, mkuu wa kituo kidogo cha polisi karibu na gare, stesheni ya treni ya Kamina, alibaki peke yake. Askari wake wote wanne alikuwa amewatuma kwenye mafunzo, na sasa alijuta, kwa kuwa treni ya abiria ilikuwa inakaribia na watu walishaanza kujaa nje. Alichukua simu ili awaite wawili warudi.

Mwanamke mmoja aliingia, amejitanda kitambaa hadi shingoni. Aliviangalia viti vitupu.

"Mama komanda, bengine beko wapi?"

"Beko ku formasio, mama. Njo niko naita babili barudie."

"Hapana! Usibaite."

Alikifungua kitambaa taratibu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba, na ndewe ilikuwa imechanika pale hereni ilipokuwa. Damu nyeusi ilikuwa imekauka mpaka kwenye ukosi wa blauzi.

"Minyi nilikuwa nangojea siku bwana yangu hatakuwa hapa," alisema.

Treni ilipiga honi. Masengo aliizima simu, akafunga mlango, akaketi karibu naye.

"Njo nani," aliuliza, "mu bale baaskari bane?"