Bastola Kama ya Baba

Jepchirchir alifungua leso aliyoletewa na mdogo wake, akidhani ni zawadi ya mtoto wake. Ndani mlikuwa na bastola.

"Si unaiona, dada? Ni kama ya Baba kabisa," mdogo wake akasema kwa fahari. "Jamaa aliyeniuzia alikuwa na mpya kibao, nyepesi. Nikamwambia nataka hii. Hii haikwami."

Haikwami. Neno hilo lilikuwa la Jepchirchir. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, alimsimulia mdogo wake habari za baba yao, polisi aliyekataa bastola zote mpya kwa sababu ile kuukuu ilimkaa mkononi na haikuwahi kumwangusha. Baba alifariki mdogo wake akiwa bado ananyonya. Jepchirchir alitaka tu mdogo wake naye awe na baba.

"Ya nini?"

"Kuna watu wananisumbua huko mtaani Nechells. Ni ya kuwatisha tu. Hebu nionyeshe vile Baba alikuwa anaisafisha."

Mikono ya Jepchirchir ikamtangulia. Ikatoa magazini ya risasi, ikahakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, vile Baba alivyomfundisha akiwa na miaka tisa. Viganja vikanukia mafuta yaleyale. Akafurahi kidogo, na furaha hiyo ikamtia aibu.

Mtoto akaanza kulia chumbani.

"Kamchukue mpwa wako," akasema taratibu. "Mbebe mpaka anyamaze."

Alipobaki peke yake, alitia magazini mfukoni, akachukua simu awapigie polisi. Kidole chenye mafuta kiliteleza kwenye kioo. Tisa. Tisa tena.

Kilio kilikuwa kimekoma.

"Babu yako, wacha nikuambie," mdogo wake alikuwa akimnong'onezea mtoto, "hakuwahi kubadilisha bastola."

Jepchirchir akabonyeza tisa ya tatu.