Maegesho ya Chatu

Inasemwa kwamba Chatu aliomba kibali cha kujenga ofisi kando ya njia ya mtoni. Baraza la wanyama likahofia msongamano, likamtuma Digidigi, mkaguzi asiyeamini ila hatua zake mwenyewe, akapime maegesho ya wageni.

"Mlango ndio huu, bwana mkaguzi," Chatu alisema kutoka gizani. "Karibu upime."

Digidigi akaingia hatua kumi na mbili. Kuta zilikuwa na joto.

"Maegesho finyu mno haya!"

"Yatapanuka kadiri mnavyoingia."

Digidigi akageuka atoke. Alihesabu kumi na mbili, ishirini, arobaini, mlango hakuuona.

Nje baraza likaita, "Mkaguzi, panatosha?"

"Panatosha," sauti nzito ikajibu. "Njooni nyote."

Tangu siku hiyo, njia ya mtoni haina msongamano hata chembe.