Tundu Moja, Risasi Hakuna

Talib alitia mkono wenye glavu tumboni mwa nguruwe kwa mara nyingine, akapapasa mpaka kwenye uti wa mgongo, akautoa mtupu. Tundu la kuingilia lilikuwepo, nyuma ya bega, safi kabisa. La kutokea hakuna. Na risasi hakuna.

Huyu alikuwa wa tatu, na wenzake wawili walikuwa hivyo hivyo. Risasi ya shaba haiyeyuki ndani ya nyama, hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Talib aliokota pande la ini alilokwisha kulikata, akalitupa chini kwa hasira.

Mradi anaoufanyia kazi ulikuwa umemtuma kijijini Makangale kupima risasi mpya za shaba, zichukue nafasi ya zile za zamani za madini ya risasi, yenye sumu. Kazi ilionekana nyepesi. Mzee Msellem, mwindaji wa kijiji, angewapiga nguruwe wanaofukua mihogo. Talib angeitoa risasi mwilini na kuangalia ncha yake imechanua kiasi gani ilipogonga nyama. Sasa mkubwa wake alikwisha kumpigia simu: ikifika Ijumaa hana hata risasi moja ya kuonyesha, jaribio linafungwa na bunduki inarudi ofisini. Bunduki ikiondoka, watu wa Makangale watabaki kuwalimia nguruwe.

Na kupasua kwenyewe kulimtia wazimu. Hapo nguruwe akiuawa huvutwa kwa kamba hadi shimoni, akafukiwa, yakaisha. Nani amwangalie ndani? Talib aliomba msaada akaishia kuchekwa, ikabidi apasuepasue mwenyewe. Kila akimaliza hujiosha mara saba, moja kwa udongo, na bado mkewe Shamima kule Konde humwekea sahani yake barazani.

Alimwendea Mzee Msellem, aliyekuwa amekaa juu ya gogo, bunduki mapajani. Mzee hakugeuka mpaka aliposikia salamu, ndipo akanyoosha mkono, ukapita pembeni kidogo ya ule wa Talib. Talib aliufuata akaushika, mawazo yake yote yako kwenye risasi.

Alimuuliza kama kweli anatumia zile alizompa. Mzee alikasirika. Alisema yeye kaanza kuwinda Talib hajazaliwa. Alfajiri hii kichaka kimetikisika, kapiga, na mkewe Bi Khairiya kaita hapo hapo kwamba nguruwe keshaanguka. Bi Khairiya ndiye hutangulia siku zote kwenye upenyo wa ua wa shamba, upande wa pili, ambako nguruwe hukimbilia, kwa kuwa mguu wa mumewe mbovu.

"Nguruwe kafa," alisema mzee. "Weye wataka afe vipi tena?"

 Talib alirudi kwenye mzoga akakiokota kisu. Bi Khairiya alitokea kwenye mihogo na ndoo ya maji ya kunawia, mwanamke wa miraba minne, kanga kajifunga kiunoni. Alimpa pole ya kazi, akamuuliza kama amepata.

Talib alimwambia hajapata, na kwamba sasa atamkatakata nguruwe huyu vipande vipande, kichwa mpaka kwato. Asipoiona risasi, ataandika kwamba risasi za shaba hazifai, na bunduki ataondoka nayo leo leo.

Bi Khairiya aliiweka ndoo chini. Alimtazama mumewe kule kwenye gogo, aliyekuwa akiipangusa bunduki yake taratibu kwa kitambaa, kisha akateremsha sauti.

"Usijitese, mwanangu. Risasi za mzee katafute juu kwenye minazi. Hilo tundu nimelitia mie kwa mkuki, na mwenyewe hajui."